Mkufunzi Aliyekataa Kufunga Uzi

Mwaka jana, kwenye sherehe ya chuo chetu cha mifugo, nilimsikia mtu akimsifu Mkufunzi kwa kipaza sauti, nikainuka nikatoka chini ya turubai nisije nikatukana mbele za wageni. "Mzee wetu yule alikuwa mpole," alisema msemaji, "mtu wa watu, asiyekosana na yeyote." Watu wakapiga makofi. Na msemaji mwenyewe ndiye aliyemng'oa Mkufunzi kazini kama unavyong'oa kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Mpole! Mkufunzi hakuwa mpole hata siku moja. Nilifanya kazi chini yake miaka tisa, nikiwa fundi sanifu wa maabara, na sikumbuki wiki iliyopita bila yeye kugombana na mtu. Aligombana na wakuu wa idara, na wauza pumba, na padri, na mimi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mbuga. Kumwita mpole ni kumzika akiwa hai, ili lile alilolikasirikia lizikwe naye.

Alikuwa daktari wa mifugo, akifundisha vijana magonjwa ya wanyama. Mjini Tabora, hata hivyo, walimjua kwa jambo moja tu: yule mzee anayefuga panya. Wapo waliosema ni mchawi. Wapo waliouliza serikali inamlipaje mtu kufuga panya wakati wao wanawatega. Yeye aliwajibu wote jibu moja: "Fungua mdomo wako nikuoneshe kwa nini."

Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika majengo ya chuo, upande unaotazama mashamba ya Itetemia. Ndani walikuwamo panya weupe wenye macho mekundu, kila mmoja na kizimba chake, kwenye rafu za chuma. Tuliwatumia kuchunguza ugonjwa wa fizi, ule unaoletwa na bakteria wanaojificha kati ya jino na nyama yake. Njia yenyewe ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Panya analazwa kwa sindano ya usingizi. Uzi mwembamba wa hariri unafungwa kuzunguka gego lake la juu, upande mmoja tu. Uzi unashika uchafu, bakteria wanajazana, ufizi unavimba, na baada ya siku chache mfupa unaoshikilia jino unaanza kuliwa. Upande wa pili hauguswi, ili uwe wa kulinganishia. Katika wiki mbili unaona kinywani mwa panya jambo ambalo kwa binadamu huchukua miaka, kimyakimya, mpaka siku jino linapocheza.

"Jino likioza linapiga kelele," alipenda kusema. "Ufizi ukioza unanyamaza. Ndiyo maana hakuna anayeusikiliza."

Asubuhi alipoingia mle ndani aliwaamkia panya kwa Kinyamwezi, "Wangaluka," kabla hajanisalimia mimi. Mkuu wa chuo angeweza kupishana naye uwanjani asipate salamu, lakini panya hawakuikosa. Alipita kizimba kwa kizimba, akiinama, akisikiliza pumzi zao.

Seremala mmoja wa Ipuli, mtu mwema kabisa, alituletea siku moja magunia ya maranda ya mbao ya kutandika vizimbani. Mkufunzi alichota konzi, akanusa, uso ukabadilika.

"Hii ni mninga?"

"Mninga mtupu, mzee. Mbao bora Tabora nzima."

"Bora kwa kitanda chako! Vumbi lake linawasha pua. Wewe ukimaliza kuranda unakwenda kuoga. Huyu ataoga wapi?"

Seremala akaniangalia kama anayeuliza kama mzee huyu ana akili timamu. Kesho yake akarudi na maranda ya paini, na baadaye nikasikia anawaambia wenzake kwamba kule chuoni kuna mtu anayewaonea panya huruma kuliko seremala. Kulikuwa na ukweli ndani yake.

Siku nyingine alipita muuza sumu, spika begani, sauti iliyorekodiwa ikijirudia: "Sumu ya panya, mende, kunguni! Akila hatoki!" Mkufunzi alitoka mbio na koti lake jeupe, glavu mkono mmoja. "Pita kule!" alifoka. "Wanakusikia!" Wanafunzi walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alirudi ndani akafunga madirisha, na tukafanya kazi mchana ule wote kwenye joto.

Ningependa kusema alikuwa na huruma, na kweli alikuwa nayo, lakini huruma yake haikuwa ya kulialia. Aliwachoma panya sindano, aliwatia ugonjwa kwa makusudi, na mwisho wa kila jaribio aliwaua, kwa sababu mfupa wa taya haupimwi mpaka utolewe. Kazi hiyo ya mwisho hakumwachia mwanafunzi hata mmoja. Aliifanya mwenyewe, haraka, kwa dawa, na siku hiyo hakula chakula cha mchana. Usidhani alikuwa mtu wa kujinyima nyama. Jumapili ungemkuta na paja la kondoo, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Nilipomwuliza kwa nini kondoo anamla na panya anashinda njaa kwa ajili yake, alinijibu kwa hasira, kama nimemwuliza jambo la kitoto. "Yule nimemla kwa njaa yangu, sijamdanganya mtu. Huyu nimemtesa kwa jina la watu. Mgonjwa hospitalini akipasuliwa anatia sahihi. Panya hatii sahihi. Wewe ndiye unayemtilia. Ukiandika uongo pale, umemtesa bure, na hao watu umewadanganya." Kisha akanisukumia daftari. "Andika. Saa, uzito, kipimo cha dawa ya usingizi. Usiache nafasi tupu."

Chanzo cha yote hayo hakikuwa panya. Kila mwaka aliwachukua wanafunzi kwenda kwa wafugaji wa Igunga na Nzega, na huko jambo la kwanza lilikuwa kufungua midomo ya kondoo. Mara ya kwanza nilipokwenda naye tulimkuta mama mmoja wa makamo anamtenga kondoo jike aliyekonda, mbavu zimehesabika.

"Huyu ameshazeeka," mama alisema. "Wa kuchinja."

Mkufunzi akamkamata kondoo, akamshusha mdomo wa chini. Meno ya mbele yalikuwa mawili tu, yanalala upande, na ufizi umekuwa mwekundu kama kidonda. "Hajazeeka," alisema. "Ana njaa. Majani anayaona, kuyakata hawezi. Amekuwa kibogoyo kabla ya wakati wake."

Yule mama akacheka, mkono mdomoni. "Hata sisi ndivyo tulivyo, daktari. Mwanamke ukishazaa sana meno yanaondoka. Ni kawaida."

Mkufunzi alimtibu kondoo, akaelekeza majani yakatwekatwe, akaaga kwa heshima zote. Lakini garini alipiga ngumi dashibodi mpaka dereva akapunguza mwendo. "Kawaida! Nani aliwafundisha hawa kwamba ni kawaida? Ni bakteria! Kinywani mwa kondoo yule na kinywani mwa yule mama ni vita moja, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba yuko vitani."

Tulipokaribia mjini alikuwa bado hajatulia. "Mnajua njia hii ilipitisha nini?" aliwauliza wanafunzi. "Meno! Meno ya tembo, kutoka bara mpaka pwani, mabegani mwa babu zetu. Kila jino lilipimwa na kutunzwa lisipate ufa. Na meno ya mpagazi mwenyewe? Nani aliwahi kuyatazama?" Nadhani siku ile ndipo nilipoanza kumpenda, na ndipo nilipoanza pia kumwogopa.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na siyafichi. Kwanza mwenyewe alikuwa na pengo. Meno manne ya mbele hakuwa nayo, maana alivuta sigara tangu ujana wake, akizisokota mwenyewe kwa tumbaku ya Urambo. Darasani alifundisha kwamba tumbaku inaua ufizi, inaubana mishipa yake ya damu mpaka hauwezi kujitetea. Kengele ikilia unamkuta nyuma ya chumba cha panya, moshi unamtoka puani. Mwanafunzi mmoja jasiri alimwambia, "Mkufunzi, mbona unavuta?" Akajibu, "Kwani nimesema mimi nina akili? Nimesema tumbaku inaua ufizi. Angalia." Akatabasamu lile pengo lake lote.

Kanisani alikwenda Misa ya kwanza, akasimama karibu na mlango, na akaondoka kabla ya matangazo. Padri alipomwuliza alisema Mungu hana matangazo. Alichukia vikao. Alichukia wageni wanaopiga picha na panya. Alimchukia zaidi mtu anayeandika "takriban" mahali palipo na rula.

Lakini alikuja nyumbani kwetu Ipuli, na sababu hiyo moja ingetosha kunifanya nisimsaliti kamwe.

Nilikuwa nimeumwa malaria, naye alifuata funguo za maabara. Mama yangu, Mmoraviani, mwimbaji wa kwaya tangu usichana wake, alimkaribisha chai. Wakati ule mama alikuwa ameacha kuimba. Meno yalikuwa yanamtoka moja baada ya jingine, na kila akiongea alivuta khanga usoni.

"Shikamoo, mama," alisema Mkufunzi, ambaye hakumwamkia mkuu wa chuo.

"Marahaba, baba. Karibu, keti."

"Mbona unajifunika mdomo?"

Nilitamani kochi nililolalia linimeze. Mama akacheka kwa aibu, akasema ni uzee tu, na kwamba juzijuzi ameng'olewa jingine. Alikuwa amelifunga kwenye kipande cha gazeti. Mkufunzi akaliomba, akalipeleka dirishani penye mwanga, akaligeuzageuza.

"Hili jino halina tundu," alisema polepole. "Jino zima kabisa. Nani kaling'oa?"

"Lilikuwa linacheza, baba. Wakaling'oa."

"Hawakukosea kung'oa. Walikosea kutouliza kwa nini linacheza." Sauti ilianza kupanda. "Mangapi yameng'olewa hivi? Saba? Na hakuna hata mmoja aliyekuuliza? Mama, unasikia kiu sana? Unakwenda haja ndogo mara nyingi?"

Mwanamume kumwuliza mama wa watu habari ya haja ndogo, sebuleni, chai haijapoa! Mama alinitazama mimi, kisha akatazama chini. "Mara nyingi," alisema.

Mkufunzi alisimama. Aliniambia ugonjwa wa fizi na ugonjwa wa sukari ni mtu na pacha wake, mmoja humwita mwenzake, na kwamba kesho yake asubuhi nimpeleke mama akapimwe damu, malaria yangu ikipenda isipende. Nilimpeleka. Sukari ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi alirudia kipimo akidhani mashine imeharibika. Kidole cha mguu cha mama kilikuwa na kidonda ambacho hakuwa amemwambia mtu. Leo mama ana miguu yake yote miwili, ana meno ya bandia, na anaimba sauti ya pili kwenye kwaya kila Jumapili. Hakuna daktari wa watu aliyeliona. Aliliona daktari wa ng'ombe, kwa jino lililofungwa kwenye gazeti.

Sasa sikiliza nilivyomlipa.

Utafiti wetu wa fizi ulikuwa umegeuzwa mradi wa wafadhili, nao mradi ukapata mkubwa wake, msomi wa jiji, tukamwita Mkuu wa Mradi. Alikuja mara moja moja, viatu vikali, maneno laini. Yeye na wafadhili walikuwa wanataka kupima dawa ya kusukutua iliyotokana na magome ya mti wa porini. Panya wote wangefungwa uzi. Kundi la kwanza lingepewa dawa, kundi la pili lingepewa maji. Kisha tupime mifupa tuone kama dawa inazuia ugonjwa. Kundi la kwanza tulilifunga vizuri, wote wamelala. Kabla hatujafika la pili, dawa ya usingizi ikaisha. Chupa mpya zilikuwa zimekwama zikisubiri kibali.

Mkuu wa Mradi akafika mwenyewe. Tulikuwa watatu mle chumbani.

"Ni dakika chache kwa panya mmoja," alisema. "Mviringishe kwenye kitambaa, mshike, funga. Kwani babu zetu waking'olewa meno walilazwa?"

"Babu zetu waliulizwa," Mkufunzi alisema.

"Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi."

"Waje wakute hatujamaliza. Hiyo nayo ni taarifa ya kweli."

"Mkufunzi, tusikwamishe kazi kwa sababu ya panya."

"Kazi yenyewe ndiyo itakayokufa!" Sasa alikuwa anafoka, na panya walijikunyata vizimbani. "Panya mwenye hofu na maumivu hapimiki. Hofu nayo inakula mfupa! Kundi la maji utalifunga likiwa macho, kundi la dawa lilikuwa limelala. Lile litaugua zaidi, nawe utasema dawa imeshinda. Dawa haijashinda kitu. Mimi sifungi uzi."

Akavua glavu, akaziweka mezani, akatoka.

Mkuu wa Mradi akanigeukia. Nimejaribu miaka hii yote kujidanganya kwamba alinitisha. Hakunitisha. Alitabasamu, akasema, "Mkono wako mwepesi kuliko wake, kila mtu anajua. Wewe si fundi tu, dada. Wewe ni mtafiti." Miaka tisa sikuwa nimeitwa mtafiti. Mkufunzi aliniita "binti" na kunisukumia daftari. Neno moja tu, na nikavaa glavu.

Panya aliye macho hapigi kelele unayodhani. Mwili unakuwa mgumu, moyo unakimbia mkononi mwako kama saa mbovu, na mdomo lazima uupanue kwa chuma. Kesho yake niliwakuta wana michirizi myekundu chini ya macho, kama wamelia damu. Nilijua maana yake, Mkufunzi mwenyewe alinifundisha: ndiyo machozi ya panya aliyezidiwa. Watatu walikufa. Kwenye daftari, mahali pa dawa ya usingizi, niliandika kipimo kile kile cha siku zote. Nikatia sahihi.

Kikao kiliitwa, kwa sababu Mkuu wa Mradi alishtaki kwamba Mkufunzi ametelekeza wanyama wa utafiti. Tulikaa meza ndefu. Mkufunzi alivaa koti la suti ambalo sikuwahi kuliona, kola imemkaba. Mwenyekiti akamwuliza ni kweli aliacha kazi katikati.

"Nilikataa kufunga uzi," alisema.

"Kwa nini?"

Hakujibu. Mkono wake ulikuwa mezani, hautikisiki. Mwenyekiti akasema, "Mkufunzi, tunakusubiri." Bado hakujibu. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka mtu akakohoa, mwingine akapanga upya karatasi zilizokuwa zimepangwa. Ndipo mwenyekiti akanigeukia mimi, akaniuliza kama kazi ya kundi la pili ilifanyika kwa utaratibu uliokubaliwa.

"Ndiyo," nikasema.

Walimtoa kwenye mradi siku ile ile, na miezi michache baadaye akastaafu bila kuagwa hata kwa soda. Mimi nilipewa chumba cha panya. Matokeo yakatoka yanang'aa: kundi la dawa mifupa imara, kundi la maji mifupa imeliwa vibaya. Jina langu lilichapwa chini ya taarifa. La kwake halikuwamo hata mahali pa shukrani.

Na unajua nilimkasirikia nani? Yeye! Nilitembea na hasira hiyo miaka. Mtu aliyemfokea seremala kwa ajili ya maranda, aliyemfukuza muuza sumu, aliyepiga ngumi gari la serikali, siku moja iliyohitaji sauti yake akakaa kama gogo. Nilimwona mwoga. Ilinifaa kumwona mwoga.

Mpaka sherehe ile ya mwaka jana. Baada ya kumsifu "mzee wetu mpole", Mkuu wa Mradi alitangaza kwamba dawa ya kusukutua sasa iko tayari kupelekwa kwa watu, wataanza na vijiji vya Nzega. Nilikuwa nje ya turubai nikamsikia. Nikamwona yule mama wa kondoo akisukutua maji ya magome asubuhi na jioni, akiamini, huku meno yanaendelea kumtoka.

Mwisho wa mambo niuseme sasa hivi, ili nimalizie na yeye. Dawa imesimamishwa, inapimwa upya na watu wengine. Mimi nimeondolewa chuoni, na ni haki. Mkuu wa Mradi bado ni mkuu, wa mradi mwingine. Lakini kabla ya yote hayo, siku ya pili baada ya sherehe, nilipanda bodaboda kwenda kwake Mkufunzi, kijijini Kwihara.

Nyumba yake iko mbele ya lile tembe la kale, nyumba ya udongo iliyofanywa makumbusho, pale magari ya watalii yanapogeuzia. Nilimkuta uani anaanika karanga kwenye turubai, akizitawanya kwa kiganja. Amekonda. Shati lilimning'inia kama la mtu mwingine.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba. Kama umekuja kuniambia wamenisifu, nimeshasikia. Kaa, usikanyage karanga."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamweleza habari ya dawa na Nzega. Aliendelea kutawanya karanga.

"Kundi la maji ndilo ulilolifunga likiwa macho?"

"Ndilo."

"Kwa hiyo haijulikani kama dawa inafaa."

"Haijulikani."

"Na watu watapewa."

"Watapewa." Hapo ndipo kitu kikanipasuka kifuani. "Ulijua! Ulijua yote, ukakaa pale kikaoni ukanyamaza! Neno moja tu, Mkufunzi! Ungenitaja! Unamfokea kila mtu duniani, mbona siku ile hukunifokea mimi?"

Aliacha karanga. Nilingoja ile sauti ya mbugani, na wallahi niliitamani. Alisema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Kuningoja nini?" nikauliza.

"Mwenyekiti alipouliza kwa nini, ningeweza kusema. Ningekutaja, wangekufukuza, basi. Nikasema hapana, anajua kuandika daftari, nimemfundisha mwenyewe. Ngoja apate nafasi ya kusema. Nikanyamaza ili upate nafasi." Akafuta kiganja kwenye suruali. "Nilidhani dakika zile zinatosha."

Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi, kama binti wa kijijini anavyomwangukia baba yake. "Nisamehe, Mkufunzi."

"Inuka. Usiniombe mimi msamaha. Sikufungwa uzi mimi." Hasira ilikuwa imemrudia machoni, na nilifurahi kuiona. "Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Akaingia ndani akatoka na daftari la shule la mjukuu, akachana karatasi mbili za katikati, akanipa na ubao wa kuegemeza. Kisha akanipa mgongo, akarudi kwenye karanga zake.

"Nianzeje?" nikauliza.

"Anza na panya."

Nikaegemeza karatasi magotini. Naye hakugeuka wala hakunihimiza. Kisha nikaandika: Panya wa kundi la pili walifungwa uzi wakiwa macho. Aliyewafunga ni mimi.